Utakatifu na sheria za Walawi: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya nakutana nayo kila tukifika Mambo ya Walawi kwenye darasa la Biblia, na majibu nimeyaandika vilevile ninavyojibu kwa mdomo. Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua: naamini kitabu hiki kimetumika sana kuwaaibisha watu, hasa akina mama na wagonjwa, kwa mambo ambayo chenyewe hakikuyaita dhambi, na wakati huohuo yale ambayo kiliyakemea kwa ukali tunayapita kama hatujayaona.

Utakatifu ni nini hasa?

Wengi tumekua tukijua utakatifu ni tabia nzuri, mtu asiyekunywa, asiyetukana, anayevaa kwa heshima. Sio uongo, ila hapo ni mwisho wa safari, Biblia haianzii hapo. Kitu cha kwanza kabisa kutakaswa kwenye Biblia sio mtu, ni siku, siku ya saba, Mwanzo 2:3. Kinachofuata ni ardhi, Musa anaambiwa avue viatu pale kwenye kijiti kinachowaka, Kutoka 3:5, na ule ulikuwa mchanga tu wa jangwani, hauna tabia nzuri wala mbaya, umekuwa mtakatifu kwa sababu Mungu yupo pale. Kwahiyo kitu kitakatifu kwanza kabisa ni kitu cha Mungu, kimewekwa upande wake, hakitumiki ovyo. Vyombo vya hema ni hivyo, mafuta ya kupaka ni hivyo, mkate wa wonyesho ni hivyo.

Alafu inakuja zamu ya watu. Kutoka 19:6 Israeli wote wanaitwa ufalme wa makuhani na taifa takatifu, wanaitwa hivyo kabla hata hawajapewa zile amri kumi. Tabia inafuata baadaye kama jibu, yani Mungu amekuja kukaa katikati ya kambi yenu, hema lake liko pale kila mtu analiona, sasa mnaishije na jirani kama huyo? Ndio maana Walawi 19:2, ile ya mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu, Musa anaambiwa aiseme kwa mkutano wote, sio kwa wana wa Haruni peke yao. Mkulima, mama mwenye watoto, kibarua, wote wamo.

Kwahiyo mtu najisi ni mwenye dhambi?

Hapana, na hili swali likieleweka basi nusu ya kitabu imeeleweka.

Walawi 10:10 inawapa makuhani kazi ya kupambanua vitu kwa jozi mbili: kitakatifu na cha kawaida, halafu safi na najisi. Ni jozi mbili tofauti, na zote mbili hazifanani na jozi ya mwema na mwovu. Mtu wa kawaida aliye safi ndio hali ya Mwisraeli karibu siku zote. Akipata unajisi anasubiri, anaoga, jua linazama, anarudi alipokuwa, hakuna aliyemuita kumhoji.

Sasa angalia vinavyoleta unajisi. Kuzaa, Walawi 12: mtoto wa kiume siku 7 na zingine 33, wa kike siku 14 na zingine 66. Hedhi, siku 7. Mume na mke wakilala pamoja, wote wawili wanaoga na wanakuwa najisi hadi jioni. Kugusa maiti, siku 7, na unanyunyiziwa maji yaliyochanganywa na majivu ya ng'ombe mwekundu siku ya 3 na ya 7, hiyo ipo Hesabu 19. Sasa niambie, kuzaa si Mungu mwenyewe ameagiza zaeni mkaongezeke? Kumzika mzazi wako si wajibu? Mtu aliyemuosha baba yake na kumzika amefanya jambo jema kabisa na bado ni najisi kwa wiki nzima. Unajisi ungekuwa dhambi basi sheria ingekuwa inamlazimisha mtu kutenda dhambi.

Kuna mwenye macho makali ataniuliza, mbona mama aliyejifungua anatoa sadaka ya dhambi? Swali zuri sana. Lakini madhabahu nayo inatolewa sadaka hiyohiyo siku inapowekwa wakfu, Kutoka 29:36 na Walawi 8:15, na madhabahu ni kifaa tu, haijamkosea mtu. Rabi Jacob Milgrom, aliyefundisha Berkeley kule Marekani na akaandika ufafanuzi wa Walawi wa juzuu 3 nene, alishikilia kwamba sadaka ile kazi yake ni kusafisha patakatifu, na mimi nimeridhika na hoja yake. Yeye ndiye pia aliyeonyesha uzi unaounganisha unajisi wote: damu, mbegu za uzazi, maiti, ngozi inayooza, vyote ni uhai unavuja au kifo kimegusa. Haruni anapomuombea dada yake Miriamu aliyeshikwa na ukoma, Hesabu 12:12, anasema asiwe kama mfu. Mungu wa Israeli ni wa uhai, kwahiyo chochote chenye harufu ya kifo kinasubiri kwanza kabla ya kusogea karibu na makao yake. Hilo ndilo jambo lenyewe, ni suala la kukaribia.

Na Mariamu mama wa Yesu alipitia hayohayo. Luka 2:24 anatoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ambayo kwa Walawi 12:8 ni sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwanakondoo.

Mimi niko kwenye siku zangu, niende kanisani au nisiende?

Nenda dada yangu.

Sheria ya Walawi 15 ilihusu hema, baadaye hekalu la Yerusalemu, na hekalu hilo Warumi walilibomoa mwaka 70. Halafu sura hiyohiyo ya 15, ukisoma mstari wa 16 mpaka 18, mwanaume aliyetokwa na mbegu naye ni najisi mpaka jioni, na mlango wa kanisa unaomuuliza mwanaume swali hilo mimi sijauona, anayeulizwa ni mwanamke tu. Huko ni kuchukua nusu ya sheria. Najua zipo mila za zamani, Orthodoksi wa Ethiopia kwa mfano mwanamke akiwa kwenye hedhi haingii ndani ya kanisa, na kwa ndugu zetu Waislamu mambo ya hedhi na nifasi (damu ya uzazi) yana fikihi yake, yani sheria zake za dini, na walimu wake, hapo siwezi kuwasemea. Lakini mchungaji anayemrudisha binti nyumbani kwa kutumia Walawi 15 asome na Marko 5, yule mama aliyetokwa damu miaka 12, aligusa vazi la Yesu katikati ya umati na akaitwa binti, akaambiwa aende kwa amani.

Ukoma wa Walawi 13 ndio huu ukoma wa hospitali?

Sio huu. Ukoma wa hospitali unasababishwa na bakteria, unatibika kwa vidonge, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Ule wa Walawi unashika nguo za sufu na vitu vya ngozi (13:47 na kuendelea), unashika hadi kuta za nyumba (14:34 na kuendelea), kuhani anakuja anaagiza plasta ikwanguliwe. Na jambo linaloshangaza zaidi, 13:12-13, mtu akiwa mweupe mwili mzima kuanzia kichwani hadi miguuni anatangazwa safi! Ni kundi la madoa na ukungu wa aina nyingi, na kuhani haponyi mtu, anachofanya ni kukagua na kutangaza.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna wazee walioishi maisha yao yote pembeni ya kijiji, wamepona miaka mingi, na bado watu wanawanukulia sura hii. Haiwahusu hata kidogo.

Mbona nguruwe, ngamia na kambale havifai, na senene je?

Hapa ndio darasa huwa linachangamka. Kanuni zenyewe ziko Walawi 11 na Kumbukumbu 14. Mnyama wa nchi kavu awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, vyote viwili. Nguruwe ana kwato hizo ila hacheui. Ngamia, sungura na wibari (yule pimbi wa kwenye mawe) wanahesabiwa kwamba wanacheua ila kwato hawana za namna hiyo. Wa majini awe na mapezi na magamba, ndio maana Msabato hali kambale, na kamba pia hawamo. Wadudu wenye mabawa wote wamekatazwa isipokuwa wale wenye miguu ya kurukia, nzige na jamaa zake, sasa watu wa Bukoba wananiuliza kuhusu senene na mimi nawaambia ukimtazama miguu ya nyuma utaona ni wa ukoo huohuo wa panzi. Kumbikumbi hana miguu hiyo, kwa kanuni hii hapiti.

Sababu yake ni nini? Watu wanasema afya, na hoja hiyo ni ya zamani, Maimonides ambaye alikuwa rabi na pia daktari aliitoa karne ya 12. Mimi hainiridhishi. Nyama ya ngamia watu wanakula vizazi na vizazi na wana afya zao, kwa Waislamu ni halali kabisa, na mimea yenye sumu Walawi haijaitaja hata mmoja.

Maelezo niliyoyapenda yametoka karibu na kwetu. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikaa na Walele wa Kasai, Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, akaona jinsi wanavyomchukulia kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki ila anapanda miti, anazaa mtoto mmojammoja kama binadamu. Haingii kwenye kundi lolote, kwahiyo ana mwiko wake na heshima yake. Mwaka 1966 akasema wanyama wa Walawi 11 wasomwe hivyohivyo, waliokatazwa ni wale wasiotimia kwenye kundi lao. Baadaye yeye mwenyewe alirekebisha sehemu ya mawazo yake, lakini mlango alishaufungua, tukaacha kutafuta minyoo kwenye kila mstari.

Kitabu chenyewe kinatoa sababu moja tu, 11:44-45 na tena 20:24-26: mimi nimewatenga na mataifa, basi nanyi mtenge. Yani kila mara unapokaa mezani unakumbushwa wewe ni wa nani. Na kwenye kuchimba ardhi hilo limeonekana, mifupa ya nguruwe ni michache sana kwenye vijiji vya milimani walikokaa Waisraeli wa mwanzo, ila kwenye miji ya Wafilisti kama Ashkeloni na Ekroni wameikuta kwa wingi.

Nguo ya mchanganyiko ni dhambi? Maana zangu zote ni pamba na polista

Walawi 19:19 inakataza vazi la namna mbili za nyuzi, na Kumbukumbu 22:11 inafafanua ni sufu na kitani pamoja. Polista haikuwepo, tulia.

Ila usiipite haraka. Soma Kutoka 28 uone mavazi ya Haruni, nyuzi za rangi ya samawi, zambarau na nyekundu pamoja na kitani safi, na nyuzi za rangi zamani hizo zilikuwa sufu. Kumbe mchanganyiko ule ulikuwa sare ya patakatifu! Mtu wa kawaida hauvai kwa sababu ni wa Mungu, sawa na yale mafuta ya kupaka ambayo Kutoka 30 inakataza usijitengenezee ya kwako nyumbani.

Utakatifu unaambukiza kama unajisi?

Hagai aliwauliza makuhani swali hilihili, Hagai 2:11-13. Mtu amebeba nyama takatifu kwenye upindo wa vazi, upindo ukagusa mkate au divai, je mkate unakuwa mtakatifu? Makuhani wakasema la. Na mtu aliyegusa maiti akigusa mkate huo? Wakasema ndiyo, unakuwa najisi. Kuna vichache vinavyotakasa kinachovigusa, kama madhabahu kwenye Kutoka 29:37, ila kwa kawaida unajisi ndio unaosambaa. Ndio maana wale wanaouza vitambaa, maji na mafuta kwamba ukigusa tu umetakasika nawaomba waanze kwa kumjibu Hagai.

Sura ya 19 ina nini cha pekee, mbona unairudia sana?

Kwa sababu pale unaona utakatifu ukishuka mpaka shambani na sokoni. Wataalamu wanaiita sehemu ya sura ya 17 mpaka 26 kuwa ni Sheria ya Utakatifu, jina alilitoa Mjerumani August Klostermann mwaka 1877, na sura ya 19 ndio moyo wake. Inaanza na muwe watakatifu, ukidhani sasa itazungumzia maombi na kufunga, inakwambia ukivuna usimalize pembe za shamba, waachie maskini na mgeni. Mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Usimpendelee tajiri hukumuni, na maskini pia usimpendelee. Usisimame juu ya damu ya jirani yako. Simama mbele ya mwenye mvi. Mgeni anayekaa kwenu mpende kama nafsi yako kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni Misri. Na ule mstari Yesu aliounukuu, mpende jirani yako kama nafsi yako, upo hapo, 19:18.

Alafu inamalizia na mizani! Mstari wa 35 na 36, mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki (kipimo cha nafaka), hini ya haki (kipimo cha vitu vya majimaji). Haya mawe ya kupimia yamechimbwa mengi Yerusalemu na miji mingine ya Yuda, shekeli moja inakuja kama gramu 11 hivi, na wachuuzi wadanganyifu walikuwa na mawe mawili mfukoni, la kununulia na la kuuzia, Kumbukumbu 25:13 inawataja waziwazi. Amosi 8:5 naye anawalia watu wanaotamani sabato iishe haraka wakapunguze efa na kuongeza shekeli.

Sasa nenda shambani msimu wa vitunguu au viazi uone lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, mkulima anauza gunia moja na kitu analipwa gunia moja. Mfanyabiashara huyohuyo Jumapili yuko kiti cha mbele. Binti aliyevaa suruali ameshaitwa ofisini kwa mchungaji mara tatu, huyu wa lumbesa hakuna aliyemuita. Mimi hili linaniuma kweli, kwa sababu Walawi 19 imeandika mizani kwa jina na imeweka sahihi ya Bwana chini yake, mimi ndimi Bwana Mungu wenu niliyewatoa Misri.

Si waliiga tu kwa Hammurabi?

Hammurabi wa Babeli alitawala karne ya 18 kabla ya Kristo, sheria zake zinahesabiwa 282, na zipo zinazofanana sana na za Kutoka, mfano ng'ombe anayepiga watu pembe. Waisraeli walikuwa watu wa ukanda ule, lugha ya mahakama ilikuwa moja. Ila kwa Hammurabi ukimtoa jicho mtu wa tabaka la juu nawe unatolewa jicho, ukimtoa mtu wa chini unalipa fedha. Walawi 24:22 inasema hukumu iwe moja kwa mgeni na kwa mzaliwa.

Na zile sheria zinazoumiza, nazo unazitetea?

Siwezi kuzitetea zote na sitaki kuzificha. Walawi 21:16-23 kuhani kipofu au kilema hasogei madhabahuni. Ndiyo, anakula mkate wa Mungu, hata ule ulio mtakatifu sana, hakufukuzwa kwenye ukuhani, lakini mlemavu akiisoma inamchoma na ana haki ya kusema hivyo. Walawi 25:44-46 inaruhusu kumiliki watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto, na sisi tuliozaliwa pwani ambapo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 tu hatuwezi kuisoma kwa wepesi. Ndani ya sheria zilezile kuna sauti nyingine, Kutoka 21:16 anayemuiba mtu na kumuuza auawe, Kumbukumbu 23:15 mtumwa aliyetoroka usimrudishe kwa bwana wake. Ningekuwa na muda wa kumhubiria mfanyabiashara wa watumwa ningemsomea hizo mbili, lakini ile ya sura ya 25 bado imeandikwa pale.

Walizishika kweli?

Nyingine ndiyo, nyingine wasiwasi. Yubile ya mwaka wa 50, ardhi kurudi kwa wenyewe, Biblia haina mahali inaposimulia ikifanyika. 2 Nyakati 36:21 inasema nchi ilipata sabato zake watu walipokuwa uhamishoni, yani walikuwa hawaipumzishi. Nehemia 13 amekuta watu wa Tiro wanauza samaki Yerusalemu siku ya sabato, akafunga malango. Za usafi ndio walizikazania hasa, enzi za Yesu mabwawa ya kuogea kwa ajili ya usafi yalikuwa kila mahali, yamechimbwa Yerusalemu, Masada, Kumrani, na ile mitungi 6 ya mawe kwenye arusi ya Kana ni ya mambo hayohayo, maana chombo cha udongo kikinajisika Walawi 11:33 inasema kivunjwe, cha jiwe walishikilia kwamba hakishiki unajisi.

Sheria ziko ngapi?

613 kwa hesabu ya marabi, za kufanya 248 na za kuacha 365, idadi hiyo ipo kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao. Nyingi leo hazitekelezeki kwa sababu hekalu halipo. Wasamaria peke yao bado wanachinja kondoo wa Pasaka kila mwaka juu ya mlima Gerizimu.

Mkristo azishike?

Makanisa hayajakubaliana na sijifanyi nitawakubalisha mimi. Matendo 15 mitume waliwaandikia watu wa mataifa wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati, basi. Wasabato wanashika Walawi 11, Orthodoksi wa Ethiopia hawali nguruwe, wengine wengi wanasoma Marko 7:19 na maono ya Petro kwenye Matendo 10 wanaona mlango wa chakula umefunguliwa. Ila hakuna kanisa hata moja linaloweza kusema mizani imefunguliwa. 1 Petro 1:16 inanukuu Walawi kwa Wakristo, muwe watakatifu katika mwenendo wote, na kwenye mwenendo wote hata gunia lako limo.

Nisome kwa mpangilio gani nisichoke?

Usianze sura ya 1, sadaka za kuteketezwa zitakukatisha tamaa. Anza 19, soma polepole siku mbili tatu. Nenda 25. Kisha 11 mpaka 15 ukiwa umeshajua najisi sio dhambi. Halafu 16, Siku ya Upatanisho, mbuzi wawili, mmoja wa Bwana na mmoja anapelekwa jangwani kwa Azazeli, kuhani mkuu anaingia patakatifu pa patakatifu siku hiyo moja tu kwa mwaka. Ukitoka hapo sasa rudi sura ya 1, na ukifika pale ujue kwamba gombo lililoungua kule En-Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, lililopatikana 1970 likiwa kama kipande cha mkaa ambacho hakuna aliyethubutu kukifungua, mwaka 2015 walilipiga picha za eksirei na kompyuta ikalikunjua bila kuligusa, na maandishi yaliyotokea ni Walawi 1 na 2.